Mteja Akisema "Nataka Spidi", Muulize Haya Kabla ya Kumtumia Sproketi

Leo nakuja na somo la sproketi, hasa za pikipiki za mbio za porini, zile za motokrosi. Najua wengi humu tunauza spea za bodaboda, na mteja wa motokrosi anakuja mmoja mmoja. Lakini huyo mmoja akija ana haraka, hela anayo, na ukimtumia kitu kisicho chake anaharibikiwa na siku aliyojiandaa kwa miezi. Mimi nilimharibia mmoja. Ngoja niwasimulie, halafu niwape hesabu ambayo ningeijua siku ile nisingerudisha hela ya mtu.

ILIVYOKUWA

Mimi nipo Arusha, nauza kwa WhatsApp na Instagram, mzigo nachukua Kariakoo. Jumatatu moja mzee mmoja wa Moshi akaniandikia: "Dada, kijana wangu anakimbia Nairobi Jumapili, pale Jamhuri. Ana motokrosi ya cc 250. Anapitwa sana. Nataka pikipiki iwe na spidi."

Nikamwamkia, nikamuuliza sproketi ya mbele ina meno mangapi. Akasema 13. Mimi nikajiona nimeshapata jibu, maana kila fundi anajua ukitaka spidi unaongeza jino la mbele. Nilikuwa nayo ya meno 14. Akanitumia 45,000, nikaiweka kwenye basi jioni ile ile, nikamwambia fundi afunge tu. Nikaposti kwenye stetasi "mzigo umetoka, asante mteja".

Jumapili usiku simu ikaita. Mzee hakufoka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Akasema: "Dada, kijana kila akitoka kwenye kona pikipiki inajikongoja. Ikabidi acheze na klachi kuisaidia. Mbio ya pili klachi imeungua, hakumaliza. Nilikuomba spidi, umetupa uzito."

Nilimrudishia 45,000 yake. Klachi sikuweza kuilipa yote, nikachangia nusu. Hasara kubwa haikuwa hiyo hela. Kabla ya mbio mzee alikuwa ameshaweka namba yangu kwenye grupu la wazazi wa waendeshaji. Baada ya Jumapili ile hakuna hata mmoja aliyenitafuta kwa karibu miezi mitatu.

Sasa angalieni, sproketi yenyewe haikuwa mbovu. Ilikuwa mpya, saizi sahihi, na ilikaa vizuri. Kosa lilikuwa la muuzaji. Niliuza jibu la swali ambalo sikuliuliza.

HESABU YENYEWE, NI YA DARASA LA NNE

Pikipiki ina sproketi mbili: ndogo ya mbele inayotoka kwenye injini, na kubwa ya nyuma iliyofungwa kwenye gurudumu. Chukua meno ya nyuma, gawanya kwa meno ya mbele. Ya yule kijana ilikuwa 50 gawanya kwa 13, unapata 3.85. Maana yake sproketi ya mbele inazunguka mara 3.85 ili gurudumu la nyuma lizunguke mara moja.

Namba hiyo ikipanda, pikipiki inavuta kwa nguvu zaidi lakini kila gia inaisha mapema. Namba ikishuka, kila gia inafika mbali zaidi lakini mvuto unapungua. Huwezi kupata vyote viwili. Ukiongeza huku, unapunguza kule.

Kama umewahi kuendesha baiskeli ya gia unalijua hili kwa miguu yako. Kwenye mlima unapeleka cheni kwenye duara kubwa la nyuma. Unapiga pedeli nyingi, unakwenda polepole, lakini unapanda. Kwenye tambarare unarudi kwenye duara dogo.

Mimi nimejiwekea msemo ili nisichanganye tena: mbele ikikua, mbio zinakua, nyuma ikikua, mvuto unakua.

Tuweke namba. Tuseme pikipiki ya 13 kwa 50 inafika kilomita 100 kwa saa kwenye gia fulani injini ikiwa imefika mwisho wa mlio wake. Kwa gia hiyo hiyo na mlio huo huo:

• 13 kwa 48 (3.69): kilomita 104
• 13 kwa 49 (3.77): kilomita 102
• 13 kwa 50 (3.85): kilomita 100
• 13 kwa 51 (3.92): kilomita 98
• 13 kwa 52 (4.00): kilomita 96
• 14 kwa 50 (3.57): kilomita 108
• 12 kwa 50 (4.17): kilomita 92

Soma tena mistari miwili ya mwisho. Jino moja la nyuma linabadilisha mambo kwa asilimia 2 hivi. Jino moja la mbele linabadilisha kwa karibu asilimia 8. Yaani jino moja la mbele ni sawa na meno matatu hadi manne ya nyuma. Mimi nilidhani nimempa kijana "jino moja tu". Kumbe nilimsogeza kama mtu aliyemtolea karibu meno manne nyuma!

KWA NINI ILE 14 ILIMWANGUSHA

Uwanja wa motokrosi una kona za kubana, miruko na vilima vifupi. Sehemu ya kunyooka haichukui muda mrefu. Mwendeshaji anapunguza, anakata kona, anafungua moto, anaruka, anapunguza tena. Mara nyingi anayeshinda ni yule anayetoka kwenye kona haraka, na spidi ya mwisho anaigusa mara chache sana.

Baada ya yale mambo kutulia nilimuuliza mzee swali ambalo ningemuuliza Jumatatu: "Kijana alikuwa anapitwa wapi?" Akajibu bila kufikiri: "Akitoka kwenye kona. Kwenye kunyooka anawafikia."

Jibu lilikuwa hapo. Aliyekuwa anapitwa akitoka kwenye kona alihitaji mvuto, yaani 13 kwa 51 au 13 kwa 52. Mimi nikampa kinyume chake. Gia ya tatu ikawa nzito mno kwa kona zile, na gia ya pili inaisha kabla hajafika popote. Akabaki kuisaidia injini kwa klachi, na klachi ikisugua vile inapata moto hadi inaungua.

Kuna jambo la pili ambalo hata yeye hakulifikiria. Kijana anafanyia mazoezi Moshi, chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, injini inapata oksijeni kidogo, na nguvu inapungua. Kwa hiyo pikipiki iliyokuwa inavuta vizuri Moshi inafika Nairobi ikiwa imepungukiwa tayari. Kama kuna kubadilisha, ni kuongeza meno ya nyuma.

MASWALI MANNE YA KUMTUMIA MTEJA

Siku hizi sitoi sproketi hata moja ya mbio kabla ya kupata majibu manne. Nimeyahifadhi kama ujumbe kwenye simu, nakopi na kutuma.

1. "Sasa hivi una meno mangapi mbele na mangapi nyuma?"
Uliza ya mbele NA ya nyuma. Mara nyingi idadi imegongwa kwenye chuma chenyewe. Kama imefutika, ahesabu, akiweka alama ya chaki kwenye jino la kwanza asije akarudia. Usikubali "ni ile ya kiwandani". Pikipiki nyingi za motokrosi za cc 250 za stroku nne zinatoka na 13 au 14 mbele, na nyuma kati ya 48 na 51 au karibu na hapo, ila inategemea kampuni na mwaka. Tena kama ni ya mkononi, mwenye nayo wa kwanza anaweza kuwa alishabadilisha.

2. "Cheni yako imeandikwa namba gani?"
Hapa ndipo wauzaji wa spea za bodaboda tunapoanguka. Pikipiki nyingi za bodaboda zinatumia cheni ya 428. Motokrosi za cc 250 na 450 zinatumia 520. Za watoto, za cc 65 na 85, utakuta 420 au 428. Tarakimu ya kwanza inakuambia umbali kati ya pini moja na nyingine. Ya 4 ni milimita 12.7, ya 5 ni milimita 15.875. Sproketi ya 428 haiingiliani na cheni ya 520 hata upige nyundo. Na 420 na 428 zina umbali sawa wa pini ila upana tofauti, kwa hiyo usimwambie mtu "zinafanana". Kuna mwenzangu alituma sproketi ya nyuma ya 428 hadi Mwanza kwa mtu wa 520. Nauli ya kwenda na kurudi ilimeza faida ya wiki nzima.

3. "Nipigie picha ya sproketi ukiwa umeifungua, uweke rula pembeni."
Ya nyuma unaangalia idadi ya matundu ya bolti, upana wa tundu la katikati, na umbali kutoka tundu moja la bolti hadi la upande wa pili. Ya mbele unahesabu meno ya ndani yanayokaa kwenye shafti, na unaangalia inashikwaje, kwa bolti au kwa ringi ya kufunga. Sproketi mbili zinaweza kuwa na meno 50 zote, za 520 zote, na bado moja isikae kwenye rimu ya mteja. Akikuambia hana muda wa kupiga picha, mwambie kwa upole kwamba picha ni dakika tano, kurudisha mzigo ni siku nne.

4. "Unaendesha wapi, na tatizo unaliona sehemu gani ya uwanja?"
Hili ndilo swali lililonigharimu. Sikiliza jibu, halafu pima hivi:

• "Natoka kwenye kona inajikongoja, natumia klachi sana": ongeza jino 1 au 2 nyuma.
• "Nipo katikati, gia ya pili inaisha haraka, ya tatu nzito": ongeza jino 1 nyuma ili ya tatu ifanye kazi.
• "Kwenye kunyooka injini inalia hadi mwisho na bado njia ipo": punguza jino 1 au 2 nyuma.
• "Nabadilisha gia mno, sipumziki": punguza jino 1 nyuma.
• Mchanga mzito, tope, vilima vikali, au mwinuko mkubwa kama Nairobi: elekea kwenye kuongeza nyuma.
• Barabara ndefu za vumbi za kukimbia wazi: elekea kwenye kupunguza nyuma.

Kanuni yangu sasa ni hii: anza na nyuma, jino moja au mawili, na ya mbele iache. Ya mbele ibadilishwe pale mteja anapohama kabisa aina ya uendeshaji, mfano kutoka uwanja wa kona hadi njia ndefu ya porini.

MAMBO YA KUMWAMBIA KABLA HAJALIPA

Kwanza, urefu wa cheni. Ukiongeza jino moja nyuma kwa cheni ile ile ya 520, ekseli ya nyuma inasogea mbele kama milimita 4. Meno mawili ni milimita 8 hivi. Kama ekseli ilikuwa na nafasi ya kusogea, cheni haibadiliki. Kama ilikuwa imeshafika mwisho wa mbele, atahitaji cheni ndefu zaidi. Muulize ekseli imekaa wapi. Ukinyamaza, atalijua hilo usiku wa kuamkia mbio, duka lako limefungwa.

Pili, ulegevu wa cheni upimwe upya kila sproketi ikibadilishwa, kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki hiyo. Ikikazwa mno, mkono wa nyuma ukibonyea kwenye mruko cheni inavutika hadi inaweza kukatika. Ikilegea mno inaruka kutoka kwenye meno. Hapa kuna mguu wa mtu, tusichukulie poa.

Tatu, sproketi ndogo mno ya mbele ina gharama yake. Cheni inajikunja kwa ukali zaidi, inachakaa upesi, na inasugua ile plastiki ya kinga iliyo juu ya mkono wa nyuma. Mtu akitaka 12 ili apate mvuto, mwonyeshe kwamba 13 kwa 54 inampa karibu kitu kile kile.

Nne, alumini au chuma. Alumini ni nyepesi, mtu wa mbio anaipenda, lakini inaisha haraka. Chuma ni kizito na kinadumu. Anayekwenda porini wikendi kujifurahisha muuzie chuma, atakushukuru. Usimsukumie ya alumini kwa sababu ina faida zaidi.

Tano, na hili litakuuma: kuna siku jibu sahihi ni "usinunue sproketi peke yake". Mwambie aivute cheni kutoka nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ikinyanyuka hadi jino linaonekana wazi chini yake, cheni imekwisha. Meno yakiwa yamepinda kama ndoana, sproketi imekwisha. Ukifunga sproketi mpya kwenye cheni iliyokwisha, cheni inaitafuna mpya. Muuzie seti, au mwambie asubiri hadi apate hela ya seti.

KUHUSU STOKU

Usijaze kabati. Mimi kwa motokrosi naweka za nyuma za 520 za meno 49, 50, 51 na 52 kwa zile aina mbili za rimu ninazoulizwa zaidi, na za mbele za 13 tu. Nyingine ni kwa oda, mteja analipa nusu kwanza. Ile 14 iliyonitia aibu bado ipo kwenye droo, ndiyo inanikumbusha kuuliza.

Na sheria yangu ya kurudisha nimeiandika wazi kwenye kila posti: haijafungwa, haina mkwaruzo, ndani ya siku 7, nabadilisha, nauli ya kurudi ni yako. Kama nimekosea mimi, nauli ni yangu.

Kwa mteja wa bodaboda hesabu ni ile ile. Tuseme ana 14 kwa 42, hiyo ni 3.00. Anabeba mizigo kwenye milima na anataka 15 mbele "ikimbie". Itakuwa 2.80. Mwulize anapita wapi na anabeba nini kabla ya kutoa 15. Utashangaa wangapi walikuwa wanahitaji kinyume.

MZEE WA MOSHI ALIVYORUDI

Sikukaa kimya. Nilimwandikia ujumbe mmoja, bila kuuza kitu: "Shikamoo mzee. Nimejifunza nilipokosea. Kijana alihitaji 51 au 52 nyuma, sio 14 mbele. Samahani tena." Akajibu "Marahaba" tu. Nikajua nimempoteza.

Miezi mitatu baadaye akaandika: "Dada, tunakwenda tena Jamhuri. Niulize hayo maswali yako." Nikayatuma yote manne. Majibu yakaja na picha, rula ikiwa pembeni. Nikamtumia 51 na 52 pamoja, nikamwambia ajaribu 51 kwenye mazoezi ya Jumamosi kule kule Nairobi, na asiyoifunga anirudishie nimrudishie hela yake. Wakaifunga 51. Kijana akasema bado inasita kwenye kona moja ya kupanda. Wakafunga 52, kwa hiyo 51 ikawa imeshatumika, na mzee akailipia mwenyewe bila kuulizwa. Alisema ataiweka kwa ajili ya Moshi.

Kijana hakushinda. Alimaliza mbio zote mbili, klachi nzima. Wiki iliyofuata nikapata wateja wawili kutoka lile grupu, na wote walianza kwa kuniambia: "Mzee amesema wewe unauliza kwanza."

Hifadhi posti hii, kopi yale maswali manne, yabadilishe yaendane na bidhaa yako. Hata kama unauza viatu au simu, lipo swali moja ambalo ungeuliza kabla ya kutuma mzigo usingerudishiwa. La kwako ni lipi? Niandikie hapo chini, tujifunze wote.